Dekker Maana Yake Mwezekaji

Ijumaa moja, mwaka mmoja hivi kabla ya uchaguzi wa kwanza wa kaunti, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Eldoret, mimi nikiwa kazini Doha, kunijulisha kwamba binti yangu atabadilishwa jina. Hakuniomba, alinijulisha. Mwalimu mkuu alikuwa anakusanya majina ya watahiniwa wa darasa la nane, na jina litakaloandikwa hapo ndilo lingemfuata mtoto kwenye cheti hicho na kila cheti baada yake.

"Langu nimeshabadilisha," alisema. "Wakili ameandika na la mtoto. Imebaki sahihi yako tu, kaka."

Jina alilotaka kuliondoa ni Dekker. Ni la Kiholanzi, na mimi ni Mkenya mweusi niliyezaliwa Uasin Gishu, kwa hiyo nitaeleza lilivyofika kwetu, nikitenga ninayoyajua na nisiyoyajua.

Makaburu, Wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi, walipanda kwenye nyanda zile na magari ya ng'ombe mwanzoni mwa karne iliyopita. Babu yangu alikuja baadaye kutafuta kazi kwenye shamba la mmoja wao, mwenye jina hilo. Karani wa vipande, vile vitambulisho vya kikoloni, alipomwuliza jina la pili, babu alitaja lake, karani akaandika la mwenye shamba kwa sababu ndilo alilozoea kuliandika. Haya alinisimulia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuezeka. Nyumba za Makaburu za mwanzo zilikuwa za udongo na nyasi, na babu aliziezeka, za shamba lile na za mashamba jirani, mpaka mabati yalipoenea.

Makaburu wakaondoka, uhuru ukaja, watu wakaandikishwa upya. Afisa, Mwafrika mwenzake, alimwambia sasa ataje jina lake halisi. Babu akataja Dekker. Nilipomwuliza sababu, tayari akiwa mzee, alinijibu: "Lile la kwanza nilipewa nikiwa nimelala. Hili nimelifanyia kazi."

Kama alijua maana yake, sijui. Hakuwahi kuitaja.

Mimi maana niliipata Doha. Kampuni ya ulinzi iliyoniajiri ilichapa kwenye beji jina la mwisho la pasipoti, basi. Nilikaa na jina hilo kifuani miaka kadhaa, kwenye meza ya mapokezi ya jengo refu la maofisi, na Waarabu, Wahindi na Waingereza walipita bila kulitazama. Kisha akahamia humo mhandisi Mholanzi. Asubuhi moja alisimama, akasoma kifua changu, akasoma uso wangu, akarudi kifuani. Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao mahali asipomtarajia. Mama yake, alisema, alizaliwa na jina hilo.

Alinieleza kwamba linatokana na neno lao la kufunika. Dekker ni mtu anayefunika nyumba, kwa matete, kwa vigae, kwa chochote kilichopatikana. Kila kijiji kilihitaji mtu wa paa, hivyo jina lilichipuka mahali pengi bila hapa kujua habari za kule, na ndiyo sababu leo limejaa nchi nzima. Wenye jina hilo hawana babu mmoja. Wana kazi moja.

Sikumwamini papo hapo. Si tabia yangu kuamini jambo kwa mdomo wa mtu mmoja. Siku zangu za mapumziko nilikwenda kwenye duka la intaneti pale Al Wakrah, karibu na makazi yetu, nikasoma polepole, nikalinganisha. Alikuwa amesema kweli. Nilikuta pia hadithi kwamba Waholanzi waliandikishwa majina ya ukoo kwa amri ya mtawala Mfaransa, na wengi wakajipa ya mzaha. Waliochunguza wanasema hadithi imetiwa chumvi, kwani wengi walikuwa na majina yao tayari. Hata hivyo niliirudia kuisoma. Kumbe hata wao waliwahi kusimama mbele ya karani wa mgeni.

Chumbani, tulimolala walinzi wa kampuni, niliitwa Kaburu tangu siku beji ilipoonekana. "Mkoloni ameamka," kijana mmoja wa Kisumu alizoea kusema. "Mpisheni, anaenda kuhesabu ng'ombe zake." Mganda wa kitanda cha juu alimjibu kwamba ng'ombe wenyewe ndio sisi. Nilicheka nao. Utani ni haki ya watu wanaokoga bafu moja. Lakini siku mmoja wao aliponiuliza, bila kutania, kwa nini silitupi, sikucheka. Kwenye kitanda cha kulia kwangu alilala Mhindi wa Goa mwenye jina la Kireno. Cha mkabala, Mfilipino mwenye jina la Kihispania. Majina yao yalifika kwao na merikebu zenye mizinga. Hakuna aliyewauliza watayatupa lini. Mimi peke yangu ndiye niliyetakiwa kuomba radhi, na waliotaka niombe walikuwa Wakenya wenzangu, kila mmoja na jina lake la ubatizo la Kiingereza.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia habari za sahihi, hakunikuta mikono mitupu. Nilimweleza yote niliyosoma. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namshukuru. Kisha akaniambia kwamba wapiga kura hawana nafasi ya kamusi. Alikuwa anagombea uwakilishi wa wadi, na wapinzani walikuwa wamelipata jina letu.

"Wananiimba mikutanoni, kaka. Wanauliza nitawachimbia visima au nitawarudishia Makaburu. Watu wanataka kujua sisi ni wa nani."

"Ndiyo sababu silitoi," nikasema.

Alijua ninachozungumzia. Katika fujo za baada ya uchaguzi uliotangulia, vijana walifunga barabara na kudai vitambulisho, na walichokitafuta kilikuwa jina la mwisho. Yeye na mama yetu walisimamishwa. Kijana aliyeshika kitambulisho cha mama alikisoma, akakigeuza, akamwonyesha mwenzake. Hawakujua waliweke upande gani. Wakawapungia wapite. Nilimwuliza mdogo wangu ingekuwaje kama siku ile kadi ingekuwa na jina analolitaka sasa, jina lile la kwanza la babu, ambalo mtu yeyote wa kwetu akilisikia anajua kabila.

"Siku ile tulibahatika," alisema. "Siku nyingine asiye na upande atapigwa na pande zote mbili. Mtu ana watu wake, ama hana mtu."

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Nilimwambia tu kwamba sahihi yangu hataipata.

Mke wangu hakuniunga mkono wala hakunipinga. "Wewe uko huko umelindwa na Waarabu," alisema. "Sisi ndio tuko hapa na hawa watu. Muulize mwenyewe, ndiye atakayelibeba." Alisema haki. Nilimwita binti yangu kwenye simu nikamweleza yote: karani, Kaburu, nyasi, kijana wa barabarani. Hata hoja ya baba yake mdogo nilimpa kama nilivyopewa, bila kuipunguza.

"Hilo la anko darasani wako nalo watatu," akasema. "Dekker niko peke yangu."

"Kwao Uholanzi wamejaa tele."

"Kwani sisi tuko Uholanzi, Baba?"

Haikuwa sababu niliyoisomea, lakini ilikuwa yake, na ilitosha. Siku ya kazi iliyofuata nilimpigia mwalimu mkuu nikamwambia mtoto aandikwe kama alivyoandikwa siku zote. Akaandikwa.

Mdogo wangu alishinda kiti chake kwa jina jipya. Sikumwonea wivu, wala yeye hakunisamehe. Nilipokwenda likizo alitualika kwake, sebule imejaa wazee wa wadi. Alinishika bega akawaambia, "Huyu ni kaka yangu mkubwa, anafanya kazi Doha," akaishia hapo. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasubiri, kisha akauliza kaka huyo anaitwa nani. Mdogo wangu akainamia chai yake.

Nikataja jina langu mwenyewe, lote, hadi Dekker.