Koti Zito la Buyenzi

Kila asubuhi, kabla hajatia cherehani mafuta, Zubeda hufungua simu na kutazama matangazo tu. Video huzipitisha kwa kidole, lakini tangazo likitokea hulisogeza karibu na macho kama anayekagua mshono.

"Watu wanakimbia matangazo, we unayanywea chai," humtania Caritas, rafiki yake wa miaka mingi.

"Cheka tu. Ndiyo yananilisha."

Simu hiyo ni kama ya wateja wote. Anayefika kwenye kibanda chake cha ushonaji mtaani Buyenzi hupewa achague modeli ya kushonewa, na akisubiri kupimwa huendelea kutafuta mambo yake. Wenye programu zilizomo simuni hukusanya kila anachogusa, kisha huwauzia wafanyabiashara nafasi ya kumwita kwa tangazo la haja yake. Nella, binti wa Caritas, aliyasoma hayo chuoni. Zubeda aliyanusa mwenyewe: nguo za wachanga zilipojaa kwenye kioo cha simu alishona vikofia, na wateja wakashangaa kuvikuta tayari.

Nella naye aliwahi kuiazima simu hiyo, yake ilipokufa. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma nchi ya baridi, na nyumbani hakumwambia mtu. Kabla yake, safari ya kaka yake ilitangazwa mapema. Ndugu walikuja, vinywaji vikanywewa, kisha viza ikakataliwa. Caritas aliona haya hata kwenda misa. Kwa hiyo Nella aliapa kwamba safari hii mama atasikia kutoka kinywani mwake, viza ikiwa mkononi. Alitafuta mavazi ya baridi, akafuta kila alichoandika, akarudisha simu.

Leo pasipoti imo mkobani, viza imebandikwa. Alitoka mjini akitembea kama anayecheza ngoma, na alikuwa akipita kibandani kuelekea nyumbani Zubeda alipomwita.

"We Nella, ingia kidogo."

Zubeda alikuwa peke yake. Kutoka chini ya rundo la vitenge alivuta koti la kitambaa kizito, lenye bitana, refu hadi magotini. Katika joto lile, kulitazama tu kulitoa jasho.

"La nani?" Nella aliuliza, ingawa moyo ulikuwa umekwisha kujibu.

"Simu yangu imejaa mabuti ya theluji, mutoto wangu. Buyenzi hapa, nani mwingine anatafuta theluji?"

"Lakini nilifuta."

"Ulifuta ile uliandika. Wao walishaiuza."

Nella alicheka, kisha kicheko kikakatika. Kila siku mama yake hukaa kwenye kigoda hapo kibandani, mbele ya simu ile ile. Aliukumbatia mkoba kifuani.

"Mama Zubeda, mama anajua?"

"Apana, theluji ikitokea naficha simu," alisema Zubeda, akishika sindano kwa midomo. "Geuka, nione mabega."