Kuni za Darini kwa Bibi

Bibi yangu hakupika kwenye moto wa mtu. Kwetu Shume kila mwanamke aliyezaa alikuwa na mafiga yake, na kuzima moto wako ukahamia kwa mkweo ilikuwa aibu kubwa. "Heri nife," alisema bibi. Na kufa kwenyewe alikuwa amejiandaa: darini alipanga kuni kavu za matanga yake, asije akatutaabisha. Ole wako uchomoe hata kijiti.

Nilipokuwa mdogo, kuni tuliziokota nyuma ya zizi. Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa, tukapata majirani. Majirani wakazaa, nasi tukazaa, jamani, tulizaa! Asubuhi moshi ulitoka kila paa, na niliupenda moshi ule kwa sababu ulinipa hamu ya uji. Lakini kila jiko jipya lilidai mzigo wake. Msitu ukarudi nyuma, tukaufuata. Mwishowe tukawa tunatoka alfajiri na kurudi jua la utosi, tukimkwepa bwana miti kwenye misonobari ya serikali.

Mwezi wa saba mmoja, ukungu umeganda mlangoni, mama akajifungua kitindamimba kabla ya siku zake. Kalikuwa kadogo, kamekunjamana. Mkunga akasema nyumba isipoe, usiku na mchana, la sivyo hatunaye. Na kuni zetu zilikuwa chache, tena mbichi. Mama zangu wadogo, wake wa wadogo zake baba, walichangia walichoweza, nao walikuwa na watoto wao.

Bibi akaja, akamshika mjukuu miguu. Ilikuwa ya baridi; akageuka, akatoka. Nikamfuata jikoni kwake. Akamwagia mafiga yake maji, kisha akapanda darini.

"Bibi, hizo si za siku yako?"

"Siku hiyo nitaisikia baridi mimi? Beba chungu, mke mwenzangu, tunahamia kwa mama yako."

Nililia njia nzima, naye akinicheka. Mama zangu wadogo walipomwona, wakazima mioto yao na kuja na vyungu. Tulipika kwa zamu moto ule mmoja, tukigombana na kucheka, mpaka mtoto akaanza kunyonya kwa nguvu na kupiga kelele.

Bibi alipofariki, dari ilikuwa tupu. Kitindamimba wetu, sasa jibaba lenye ndevu, alikwenda kutafuta kuni mbali kuliko tulivyowahi kwenda sisi. Akarudi na mzigo begani, akakataa kupokewa mpaka mlangoni kwa bibi.