Kiroboto na Mipira ya Rejeta

Kuna watu waliozaliwa bila mshipa wa kutulia, na dereva wa gari la mikate alikuwa mkubwa wao. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni. Mtaani watu wote walimwita Kiroboto, hata mama mkwe wake, ambaye kwa mambo mengine alimheshimu sana. Ukimkaribisha kiti, hukaa ukingoni. Ukimpa chai, huinywa amesimama, na kabla hujamaliza ya kwako ameshaosha kikombe chake, ameshausikia mlango wako unavyolia na ameshautia mafuta. Mkewe, mshona mashuka, alikuwa akisema kwamba alizaa mtoto mmoja tu lakini amelea wawili.

Gari lenyewe lilikuwa la sanduku, lililokuwa jeupe zamani, injini yake chini ya viti vya mbele, hivi kwamba ukitaka kuiona lazima umnyanyue dereva kwanza. Kila asubuhi, kabla injini haijapata moto, Kiroboto alifunua kiti, akaingiza mkono na kuminya mipira ya rejeta: ule wa juu unaotoa maji ya moto kwenye injini, na ule wa chini unaoyarudisha yakiwa yamepoa. Mpira mzima ukiuminya hukubali kidogo, kisha hurudi. Ukiwa mkavu na unalia, umekwisha. Ukiwa laini kama ndizi iliyopitiliza, hasa pale karibu na kibano, ujue ndani umeoza na utapasuka siku ambayo huna nafasi ya kupasukiwa. Yote hayo ni kweli, na kila dereva angefanya vizuri kuyafuata. Ila Kiroboto aliminya asubuhi, akaminya mchana baada ya kila duka, akaminya na jioni. Mipira ambayo fundi yeyote angeiachia miaka, yeye aliitupa ingali inanukia upya.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia mkewe.

"Ufa uko wapi?" mkewe akamjibu. "Wewe huzibi, wewe unachimba!"

Alimtania, lakini alijua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Binti yao, msusi mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alipokuwa na mimba ya kwanza, uchungu ulimshika kabla ya wakati wake. Baba yake ndiye aliyekuwa karibu, akampakia kwenye gari la mikate. Kwenye kilima cha kuelekea hospitali mpira wa juu ukapasuka, mvuke ukafumuka chini ya viti, gari likasimama. Kiroboto akasimamisha gari la kwanza lililopita, akamwingiza binti yake humo. "Tangulia, mama," alimwambia. "Nalifunga tu hili, nakuja." Akaufunga mpira kwa vipande vya tairi, akatafuta maji, akajaza, akaja. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshakwenda, na binti amelala ameukabili ukuta.

Hakumlaumu baba yake hata kwa neno moja. Ila tangu siku hiyo hakupanda tena gari lake, na Kiroboto hakuhitaji kuuliza kwa nini. Ni mpira. Aliuchukia mpira ule kama mtu anavyomchukia mtu. Yaliyokuwa moyoni hakuweza kuyasema, basi akawa anaminya.

Sasa binti alikuwa na mimba nyingine, na daktari amempangia siku ya upasuaji. Mumewe alikuwa mbali kikazi. Nani angempeleka? Binti hakusema, na baba hakuthubutu kuuliza. Wiki nzima Kiroboto alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipaka rangi geti ambalo halikuomba rangi. Alihamisha kabati, kisha akalirudisha. Mkewe akatishia kumfunga kwa uzi wa mashuka.

Mchana wa kuamkia siku yenyewe alikuwa mvunguni mwa gari, anabadilisha mpira wa chini. Mpira huo haukuwa na ubaya wowote, na yeye mwenyewe alijua. Alilegeza vibano kwa bisibisi, akauzungusha mpaka ukaachia, maji yakammwagikia kifuani. Matone yaliyobaki yakawa yanamwingia machoni kila akitazama juu. Akanyoosha mkono, akachukua kitambaa kilichokuwa karibu, akakisokomeza kwenye mdomo wa rejeta. Matone yakakoma. Ndipo simu ikalia.

"Baba," binti yake akasema, "kesho utanipeleka?"

Kiroboto akainuka pale chini, akajigonga kichwa. "Kwa gari gani?"

"Kwani unayo mangapi?"

"Nitakupeleka, mama. Nitakupeleka. Mipira yote mipya, vibano vipya, hata..."

"Sikuulizi mipira, baba. Mimi nataka uwe na mimi tu. Kesho usishikeshike vitu."

"Sishiki," akasema, na bisibisi iko mkononi.

Furaha ikampanda kichwani. Aliuvisha mpira mpya kwa haraka, akakaza vibano, akajaza maji, akawasha injini, akachungulia chini. Hakuna tone. Akaizima upesi, akaenda kuoga huku anapiga mluzi.

"Umekiona kitambaa changu cha jikoni?" mkewe akamuuliza. "Kile cha miraba."

"Mimi na vitambaa vyako wapi na wapi?"

Asubuhi mkewe alitangulia hospitali kushika foleni. Binti akapanda gari la baba yake, akafunga mkanda chini ya tumbo, akanusa. "Bado linanukia mkate," akasema, na Kiroboto nusura alie. Akaendesha polepole, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto.

"Baba, barabara iko mbele."

"Naiona."

Kilima kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Walipofika katikati yake mshale ukatikisika, ukaanza kupanda. Kiroboto akakigonga kioo cha mshale kwa kidole. Haiwezekani! Mipira mipya! Mshale ukapita nusu, ukaingia kwenye wekundu, na harufu ya moto ikapanda kutoka chini ya viti. Akaliegesha pembeni, akazima, akamteremsha binti yake na kufunua kiti. Mpira wa juu ulikuwa umejaa na kukakamaa, haugusiki kwa moto. Mahali fulani maji yalikuwa hayapiti, na yeye hakujua ni wapi, na kutojua huko kukamtafuna kuliko joto lenyewe.

Nyuma yao ikasimama pikapu ya muuza magodoro. "Vipi, mzee? Mgonjwa?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Naomba umwahishe hospitali." Akamshika binti yake mkono, akampandisha. "Tangulia, mama. Nalifunga tu hili..."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Yalikuwa maneno yaleyale.

Binti hakufunga mlango. "Siku ile ulisema hivyohivyo," akamwambia.

"Mpira ulipasuka, mwanangu. Ule mpira..."

"Mpira ulipasuka, yaliyopita yamepita. Mimi na mpira hatuna ugomvi! Nilikuwa nakuita wewe, baba. Nesi akaniuliza, 'Baba yako yuko wapi?' Nikamwambia yuko kwenye gari. Akaniuliza tena, nikamwambia yuko kwenye gari." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mpaka mtoto anafunikwa, wewe uko kwenye gari."

Kiroboto alisimama kati ya magari mawili. Miaka yote hii alidhani ameshtakiwa kwa kosa moja, kumbe kesi ilikuwa nyingine. Nyuma yake injini ilikuwa inapoa, ikitoa mlio mdogo wa tik, tik, na kila tik ilimvuta shati. Nusu saa tu na angejua tatizo liko wapi. Robo saa, pengine.

Akaitupa kwenye kiti bisibisi ambayo mkono ulikuwa umeshaiokota. Hakufunga hata milango. Akapanda kwenye pikapu, akajibana kando ya binti yake, na muuza magodoro akakanyaga mafuta.

Walikuwa wameshavuka kilele Kiroboto alipopiga paja lake. "Kitambaa cha mama yako!"

"Kitambaa gani tena?"

"Cha miraba! Kimo ndani ya rejeta! Nilikisokomeza mimi mwenyewe, ukapiga simu, nikavisha mpira juu yake!"

Binti akamtazama, akaanza kucheka, akashika tumbo, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka, na baba yake akacheka naye, na wote wawili hawakujua wanacheka wangapi na wanalia wangapi. Muuza magodoro akawatupia jicho. "Samahani," akauliza, "mgonjwa ni yupi hapa?"

Hospitalini mama mtu aliwapokea, akaenda kufuatilia karatasi. Baba na binti wakakaa kwenye benchi kusubiri. Kiroboto hakuwa na bisibisi, hakuwa na funguo, hakuwa na lolote la kukaza. Binti akaichukua mikono ile iliyokuwa ikihangaika juu ya magoti, akaweka wa kwake ndani. Vidole vya baba, kwa mazoea tu, vikaanza: vinaminya, vinaachia, vinaminya, vinaachia.

"Baba."

"Naam."

"Usiminye. Shika tu."

Akashika, mpaka walipokuja kumchukua.

Baada ya hapo alibaki kwenye benchi. Mara mbili bawaba ya dirisha ililia karibu na sikio lake, na mara zote mbili aliiacha ilie. Mwishowe mlango ukafunguliwa, sauti kali ya mtoto mchanga ikatangulia, na nesi akatokeza kichwa akitazama huku na huku.

"Anauliza, baba yake yuko wapi?"

"Niko hapa," akasema Kiroboto.