Siku Kumi za Nassor

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Ilikuwa miaka ya elfu mbili, hapahapa Ibra, Omani. Mama alikwisha fariki, kwa hiyo nyumba ilikuwa mkononi mwangu. Skuli niliiacha mapema, basi usitarajie kwangu maneno makubwa.

Ndugu yangu mdogo, Nassor, alikuwa akisoma biolojia kaskazini ya mbali, katika kijiji cha wawinda sili, wale wanyama wa bahari ya barafu, ambako miezi ya baridi jua halichomozi. Akaja likizo ya siku kumi, na daftari jipya. Alinieleza kwamba kule mwanafunzi hafungui kitabu kabla hajakaa na mzee mwindaji, akamsikiliza habari za barafu na wanyama.

"Nimeona haya, Dada," akasema. "Nimewaandika wazee wa watu, Baba sijamwandika."

Baba alizaliwa hapa, akaenda Unguja kijana, kisha akarudi kwenye mitende yake. Kusoma hakujua. Lakini msimu wa kuitia mitende jike unga wa maua dume, na likizo ile iliangukia msimu huohuo, aliijua siku ya kila mti.

Mimi nilikuwa nimekwisha waita watu. Kwetu msafiri akirudi hukaa akapokea jamaa kwa halua na kahawa, na asiyeitwa hununa. Lakini nisiseme uongo: nilitaka wamwone. Shangazi Zuwena alimkalisha tangu asubuhi, akimuuliza mbona haoi, au huko kwenye theluji ameshaposa dubu. Watu wakacheka, nami nikazidi kumimina kahawa.

Baba akatokea mlangoni, kamba ya kupandia mitende begani, akamuulizia Nassor waende pamoja shambani.

"Ana wageni, Baba," nikamwambia. "Shamba halikimbii."

"Haya. Kesho," akasema.

Kesho yake wakaja jamaa wa Sur, kesho kutwa yake wa Nizwa, na hivyo hivyo kila siku. Siku ya kumi Nassor akaondoka. Daftari lilikuwa na jina la Baba tu, ukurasa wa kwanza. Kabla mitende haijatoa maua tena, Baba akafariki.

Nassor akapiga simu. Alilia, kisha akauliza taratibu, "Dada, ule mtende wa ukutani, Baba alijuaje siku yake?"

Nikamwambia sijui. Nimemtilia Baba chakula maisha yangu yote, sikumuuliza. Tukaajiri mtu, akautia unga siku isiyo yake, na mwaka ule mtende ukazaa tende ndogo zisizo kokwa, hazikulika. Nassor hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Sasa nawe unakwenda kusoma, mwanangu. Wageni watanuna, kisha watasamehe. Mzee anayekwenda shambani mfuate siku hiyohiyo, na hao wengine wasubiri. Na ikiwa wewe ndiye mwenye nyumba, usimzuie mwenzako kumfuata.

Mungu akupe subira ya kusikiliza wakati wazee wako wangali wanasema, akuepushe na majuto haya yangu, na amrehemu Baba. Amin.