Neno Nililolilegeza

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nihamishiwe Tarime kutoka Singida, nikifundisha Kiingereza katika shule ya msingi upande wa Nyamwaga. Shule ilitaka kuchimba shimo la choo kipya kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Mhandisi alikuja, akapima udongo, akaacha ushauri wake, kurasa mbili za Kiingereza. Mwalimu mkuu akanikabidhi.

"Wasomee mafundi kwa Kiswahili," akasema.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kikurya kutoka Susuni, mtu mtaratibu, aliyechimba mashimo tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, nikaanza. Mhandisi alikuwa ameandika kwamba kabla ya shimo, ni lazima uchimbwe mfereji upande wa juu wa kukinga maji ya mvua. Kuta ni lazima zilazwe, zisisimame wima, au zishikiliwe kwa mbao. Udongo unaotolewa ni lazima urundikwe mbali na ukingo. Na mvua ikishanyesha, mtu asishuke mpaka kuta zikaguliwe.

Kila palipoandikwa lazima, mimi nilisema "itafaa". Hakuna aliyenituma. Niliona aibu, binti wa miaka ishirini na sita, mgeni, kumwamuru mtu wa rika la baba yangu mbele ya vibarua wake.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Itafaa, ndiyo," akasema. "Lakini mbao hatuna, na mvua bado. Mfereji tutachimba tukimaliza shimo."

Nilijua pale pale kwamba nilipaswa kumkatalia. Nikakunja karatasi, nikarudi darasani.

Mvua ilinyesha siku ya nane ya kuchimba, mchana kutwa. Kesho yake maji yalikuwa yanafika magotini mle shimoni, na rundo la udongo mweusi limekaa ukingoni, limelowa. Mzee akashuka na ndoo kuyachota. Nilikuwa nasahihisha madaftari niliposikia kishindo kizito, kifupi, kisha vibarua wakiita kwa Kikurya.

Tulichimba kwa majembe, halafu kwa mikono, tukiogopa kumkata. Udongo ule unanata. Ukitoa karai moja, nusu inaporomoka tena. Tulimfikia karibu saa sita. Alikuwa amekufa akiwa wima, mikono juu ya kichwa.

Mhandisi aliporudi aliuliza, "Hawakuambiwa?"

Mwalimu mkuu akanitazama. "Walisomewa," akajibu. Mimi nikarudi darasani.

Wiki mbili baada ya mazishi nilienda Susuni kwa mjane wake, nikamweleza habari ya lile neno, yote. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Alikutaja nyumbani," akasema. "Alisema mwalimu mpya ana adabu."

Nikamwomba radhi. Akachukua hindi jingine, akasema, "Mimi kusoma sijui, mwalimu. Hata sijui nikusamehe kitu gani."

Niliporudi nilimwandikia mhandisi barua, nikakiri nilivyosoma. Hakunijibu. Shimo lile lilifukiwa, likachimbwa jingine pembeni, kuta zimelazwa, na mfereji juu yake. Masika haya maji yamepita kando, hayakuingia hata tone. Wanafunzi wanakitumia choo chao. Walimu wenzangu wanapita pale kila siku. Mimi huzunguka kwa mbali, upande wa uwanja.