Shuka Aliyodarizi Mama

Baba alituachia karatasi za mashairi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mama hakujua kusoma, lakini alinunua kitambaa cheupe cha merikani na uzi mwekundu, akayadarizi maandishi yale herufi kwa herufi, hata pale wino ulipodondoka. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima, hapo nyumbani kwetu Kasongo.

Nilipojua kusoma herufi hizo katika chuo cha Kurani, niliisoma ile shuka. Baba alikuwa akimsifu mwanamke wa Kabambare, huko baba alikokuwa karani wa Wabelgiji: macho yake, shingo yake, hata mlango wa nyumba yake. Mama hakuwamo hata kwa neno moja.

“Baba yako iko anasema nini hapa?” aliniuliza.

“Iko anakusifu, mama.”

Alicheka kwa haya kama bibi-arusi. Mungu anisamehe.

Mama alipofariki, wazee wa mtaa waliziona herufi za Kiarabu, wakadhani ni aya za Kurani. Wakalifunika jeneza kwa shuka ile, na mmoja wao akaibusu. Nililibeba jeneza kwa hasira, na yule mwanamke wa Kabambare amemlalia mama yangu mpaka makaburini.