Mashine ya Kusaga na Wageni wa Nyumba ya Nano

Dada ya baba yangu alikuwa anauza samaki wa kukaushwa kule Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, na nilipokuwa mtoto nilipelekwa kwake kila likizo ili nimsaidie, ingawa kusema kweli nilikula zaidi ya nilivyosaidia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, haogopi askari wala padri. Lakini alikuwa na redio moja, na saa ya komunike ikifika, yaani matangazo ya vifo, ya wagonjwa, ya watu wanaotafutwa na ndugu zao, shangazi alinyanyua kiganja na upande wetu wote wa soko ukanyamaza. Hata mnunuzi aliyekuwa anabishana bei alibaki na samaki mkononi, mdomo wazi. Siku moja nilipiga chafya wakati bibi wa redio anataja jina la marehemu. Shangazi akanitupia ndala, ikanipata sikioni, akasema sasa hatutajua nani amekufa, na kama ni mtu wetu atanizika pamoja naye. Hakuwa mtu wetu. Shangazi hakuomba msamaha, na mimi sikutegemea. Samaki wake walikuwa watamu, niseme haki, walitoka Ziwa Mweru na aliwakausha kwa moshi wa polepole, siku hizi hakuna mtu mwenye subira ile.

Nimeanza na shangazi kwa sababu nikimkumbuka ninaona kile kiganja chake, na nikikiona ninakumbuka namna mimi mwenyewe, mzee mzima, nilivyokuja kuwa mtu wa kunyamaza na kungoja komunike. Hizo za kwangu hazikutoka kwenye redio. Zilitoka kwenye nyumba ya nano, na katekista wetu alizisoma kila Jumapili baada ya komunyo.

Lakini niseme mashine kwanza, maana mashine ilitangulia. Kampuni ya reli ilipotuachisha kazi sisi wazee, kila mmoja alipewa pesa zake za kwaheri. Kuna aliyenunua gari akaligonga kwenye ukuta wa shemeji yake wiki ileile. Kuna aliyeongeza mke. Mimi nilinunua mashine ya kusaga mahindi, nikaijengea kibanda cha matofali mwisho wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, upande wa Kasapa. Mke wangu alikuwa hai bado. Yeye ndiye aliyechagua rangi ya mlango, kijani, na nilimwambia ni rangi mbaya, na ilikuwa mbaya kweli.

Alipokufa, nyumba ilibaki kimya lakini kibanda hakikunyamaza. Akina mama walikuja asubuhi na mabeseni yao, mashine inalia, ardhi inatetemeka mpaka unaisikia kwenye meno, na wao wanapiga kelele juu ya ile kelele ili wasengenyane vizuri. Nilikuwa ninajua ndoa zote za kartie. Jioni nilikuwa mweupe kama mtu aliyefufuka. Nikirudi nyumbani nilikuwa nimechoka kiasi cha kulala bila mawazo. Hilo ndilo nililokuwa ninalipata pale, kuliko chochote kingine.

Halafu wakajenga nyumba ya nano nyuma ya ukuta wangu. Haikuwa ya chuo kikuu, kama wengi walivyodhani; ilikuwa ya watu wa nje, na lango lao, na jenereta lao. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Nano ni udogo. Chukua unywele, upasue, upasue tena, mpaka kisu chenyewe kikate tamaa, na bado hujafika. Ndani mle walikuwa na mashine kubwa ya kutazama udogo huo, vumbi la shaba, uchafu unaobaki kwenye maji ya migodi, vitu vya namna hiyo. Na jambo lililonipendeza ni kwamba nyumba ile haikuwa na wataalamu wake wengi. Ilikuwa ya wageni. Mtaalamu anaandika kutoka kwao, anapewa zamu, anakuja na vumbi lake, analitazama, anarudi kwao. Nikasema, kumbe hawa ni wenzangu. Kwangu pia unakuja na mahindi yako, unasaga, unaenda.

Aliyekuja kuniona alikuwa bwana wa habari, yule anayeandika hizo komunike. Mtoto wa mtu wa reli kama watoto wangu, wazazi wake wametoka kaskazini kama wangu, na walipokufa niliwazika pamoja naye. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, akatafuta mahali pasipo na unga pa kuvisimamisha.

"Papa, bageni banalalamika," alisema. "Mashini yako ikilia, photo zao zinatetemeka. Habaone kintu."

Nikamwambia mashine yangu haikuzaliwa jana, iliwakuta nani hapa.

"Najua, Papa. Hatuseme uifunge. Tunaomba ilale kidogo, paka tu wakati mugeni iko na zamu."

"Na miye nitajua namna gani?"

"Njo kazi ya komunike, Papa. Kila Siku ya Mungu utaisikia mu kanisa."

Akaahidi pia kwamba msimu wa wageni ukiisha, mafundi wao watanijengea kibanda kingine ng'ambo ya barabara, chenye msingi mzito, ambapo nitasaga mchana kutwa bila kumsumbua mtu. Nikakubali. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa ninajisikia, niseme wazi. Kwamba kule ndani kuna mtu ametoka mbali anatazama kitu ambacho hakuna macho yaliyowahi kukiona, na anakiona kwa sababu mimi nimeshusha swichi. Niliwaeleza hata watu wasioniuliza.

Basi Jumapili zikawa zangu. Katekista alifungua karatasi yake, akasoma ndoa, akasoma ubatizo, kisha nyumba ya nano. Kila mara ilianza na furaha. Nyumba ya nano ina furaha kuwatangazia majirani kwamba inampokea mgeni kutoka Lusaka. Ina furaha kumpokea mama mmoja mtaalamu kutoka Kinshasa. Ina furaha kwamba mgeni wake wa Ubelgiji amerudi, na amekuja na mwenzake. Imepata pampu mpya. Imepata cheti. Watu kwa mazoea walikuwa wanajibu Amina, hata kwa pampu.

Na kila furaha ya kule ilikuwa kimya kwangu. Mwanzoni ilikuwa siku kidogo hapa, siku kidogo pale, nikapaka mafuta, nikafagia. Kisha wageni wakaanza kufuatana. Na wageni wakipungua komunike ilisema kwamba ni wakati wa matengenezo, na matengenezo, bwana wa habari alinieleza, yanataka kimya kuliko hata wageni wenyewe. Nikawa ninakaa kwenye benchi kanisani na kuomba, Mungu anisamehe, kwamba asije mtu. Kwamba viza zao zikataliwe.

Akina mama hawawezi kungoja, bukari, ndiyo ugali wetu, haingoji komunike. Mtu mmoja alifungua mashine mpya ng'ambo ya barabara, karibu kabisa na mahali waliponiahidi mimi. Akina mama wakaanza kunipitia na mabeseni kichwani na kunitania. Mmoja aliuliza kama mashine yangu iko inaandika kitabu. Mwingine, mama mwenye mdomo kuliko wote, akasimama mbele ya mlango wa kijani, mkono kiunoni.

"Papa, ata Mungu alipumuzika paka siku moja tu."

Wakacheka mpaka beseni la mmoja likainama. Nilicheka pia. Ungefanya nini?

Aliyengoja kuliko wote alikuwa mjane aliyekuwa anauza bukari kwa madereva wa malori. Alikuja, akauliza kwa macho, nikatikisa kichwa, akarudi na mahindi yake. Akaja tena. Alikuwa rafiki ya mke wangu. Asubuhi moja nikamwona anapita upande wa pili, nyusi zake nyeupe kwa unga wa kule. Akanisalimia akiangalia chini. Baada ya hapo hata yeye hakupita tena njia yangu.

Sijui kama umewahi kukaa na mashine isiyolia. Ni kama kukaa na mtu aliyekukasirikia. Nilikuwa ninafungua mlango asubuhi, ninakaa kwenye gunia, ninasikiliza malori ya madini yakipita barabarani mpaka vikombe vyangu vya chai vinagongana kwenye rafu, ninafunga jioni. Mkanda wa mashine ukaliwa na panya. Sikununua mwingine, wa nini? Nilikuwa safi siku nzima, na usingizi ulinikimbia. Kila nilipomwona bwana wa habari nilimuuliza juu ya kibanda changu kipya, naye alinijibu kwa heshima zote, Papa hivi, Papa vile, mafundi wako njiani. Nilimwamini kwa ajili ya baba yake.

Halafu ikaja komunike kwamba nyumba ya nano ina furaha kuwafungulia majirani lango lake kwa siku moja, waje waone. Nilivaa koti langu la Jumapili. Nilitaka kuiona hiyo mashine niliyoilindia usingizi muda wote huo. Nilidhani, sijui, nilidhani ikiniona itanijua.

Ilikuwa nyuma ya kioo. Nguzo nyeupe tu, imesimama. Mgeni wa zamu alikuwa mtu wa Dar es Salaam, kijana mstaarabu, Kiswahili chake kimepigwa pasi, akina mama walikuwa wanamuuliza vitu visivyo na maana ili wamsikie tu akijibu. Alituonyesha picha ya punje moja ya vumbi la migodi. Ilikuwa kama mlima, na mapango, na kivuli chake. Nilifurahi kweli. Nikamwambia kwamba picha ni nzuri, haitetemeki, na kwamba hiyo ni kazi yetu pia, maana sisi hapa nje tumenyamaza.

Hakuelewa. "Mmenyamaza vipi, mzee wangu?"

Nikamweleza habari ya mashine ya kusaga.

"Mashine gani ya kusaga?" aliuliza. Akafikiri, akatabasamu kwa upole. "Aa, mtetemo. Ule ulikuwa wa malori ya barabarani, mzee. Waliligundua hilo zamani, kabla mimi sijaja hata mara ya kwanza. Sasa mashine yetu imewekwa juu ya meza inayoelea kwenye hewa. Hata mkipiga ngoma hapo dirishani, haisikii."

Alisema kama mtu anayekupa habari njema, na kwake zilikuwa njema. Bwana wa habari alikuwa karibu, anagawa chupa za Fanta. Nikamgeukia.

"Mulijua?"

"Papa, tutaongea kisha."

"Nakuuliza, mulijua?"

Akaweka sinia chini. Hakuwa na uso wa mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Tulijua, Papa. Lakini tuliona umeshazobelea kunyamaza. Na kimya kilikuwa kizuri, bageni balikuwa banakipenda."

Nikamuuliza na kibanda. Akasema sasa cha nini tena, si nimesikia mwenyewe, naweza kuiwasha mashine yangu hata kesho, hakuna wa kunikataza. Alisema hivyo kama zawadi. Nikaangalia akina mama waliokuwa mle ndani, wote wateja wangu wa zamani, wote wanasagia ng'ambo. Yule mwenye mdomo alikuwa amesikia kila neno. Akawa anakunja kona ya kitenge chake.

Wakatuita nje tupigwe picha, wageni na majirani, ya kuwekwa kwenye habari zao. Bwana wa habari akanishika kiwiko, akanipeleka katikati, mzee wa kartie, karibu na yule kijana wa Dar es Salaam. Mpiga picha akasema wa nyuma wainame, wa mbele wasonge. Nikaona bado nina chupa ya Fanta mkononi, sijainywa. Nikaiweka kwenye nyasi, nikatoka kwenye mstari.

"Papa, tunakungojea weye," waliita.

Lango lilikuwa wazi. Nikapita mbele ya kibanda changu bila kusimama, nikaenda mpaka barabarani. Gari la Likasi lilikuwa linajaza watu, nikapanda na koti langu la Jumapili. Binti yangu anakaa Kambove, mbele ya Likasi. Nilifika kwake jioni, akaniuliza mizigo yangu iko wapi. Sijarudi.